Pikipiki Niliyoendea Kiritiri

Nilipotolewa kwenye ofisi ya mifugo mjini Embu na kupelekwa kusimamia chanjo za mbuzi upande wa Mbeere, ofisi ilikuwa na gari moja, ambalo lilikuwa la mkubwa wetu, na pikipiki mbili, ambazo zilikuwa za wanaume wawili waliotangulia kuajiriwa. Mimi nilipewa baiskeli. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, na barabara ya kuteremka Kiritiri ilikuwa vumbi wakati wa jua na mchanga mtupu penye vijito vilivyokauka. Niliirudisha baiskeli stoo kwa heshima, nikaanza kutafuta pikipiki yangu mwenyewe.

Niliipata Nkubu, kwa mzee mmoja aliyekuwa mkaguzi wa vyama vya kahawa hadi miguu ilipomsumbua. Aliinunua mpya si muda mrefu baada ya uhuru. Ilikuwa ya Kiingereza, silinda moja, nzito, tangi jeusi lenye mistari ya dhahabu iliyofifia, taa ya mviringo kubwa kama sahani, na kiti cha ngozi juu ya springi mbili. Hata wakati huo watu waliiita ya zamani.

Mzee hakuisifu. Aliniambia niiwashe. Nilipoipiga kiki ilirusha mguu wangu nyuma na kunichubua muundi. Nikapiga tena, ikawaka. Akanituma niteremke nayo hadi mtoni, nipande tena kilima, nirudi. Niliporudi, akaniambia niizime, kisha mke wake akaleta chai.

"Sasa iwashe ikiwa moto," akasema kabla kikombe hakijaisha.

Ilikataa. Nilipiga kiki hadi jasho likanitoka, na yeye akiendelea kunywa chai yake.

"Asubuhi pikipiki yoyote huwaka," akasema. "Ile ya kuaminika unaijua ikiwa moto. Hii ikiwa moto inajaa petroli. Zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, ipige kiki polepole iteme ile iliyojaa. Halafu uipige kama una hasira."

Nikafanya hivyo, ikawaka.

"Mume wako anajua kupanda?"

"Hajui, baba."

"Basi itakuwa yako," akasema. Bei tulielewana siku hiyohiyo.

Nilijifunza mengine njiani. Mvua ikinyesha upande wa Runyenjes, waya wa plagi ulishika unyevu na injini ikaanza kukohoa, kwa hiyo nilitembea na kipande cha mpira wa tairi la ndani cha kuufunika. Klachi ilihitaji kukazwa kila wiki. Oili ilivuja kidogo chini ya gia, na nilipoona haivuji nilijua imeisha. Pikipiki hiyo iliharibika mara nyingi, lakini iliharibika kwa njia zilezile, na mimi nilikuwa na spana za njia hizo. Nikiulizwa kama inategemeka nilijibu ndiyo, wala sikuwa nadanganya.

Kiritiri walinizoea baada ya muda. Nilivaa suruali ndani ya gauni na koti la mvua juu, na kofia ya chuma niliyopewa na yule mzee, iliyonishukia hadi kwenye nyusi. Mara ya kwanza nilipofika kwenye boma la miti tulilokuwa tukichanjia, mama mmoja aliyekuwa na mbuzi wake wengi wekundu alinizunguka taratibu, akanitazama usoni.

"Wewe ni mwanamke?"

"Ni mwanamke, mama."

"Na una mtoto?"

"Ninao wawili."

"Nani anabaki nao?"

"Baba yao. Ni mwalimu, shule imefungwa."

Akacheka sana, akawaeleza wengine kwa Kimbeere, nao wakacheka. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila siku ya chanjo, na ndiye aliyekuwa akiwapanga wanaume foleni.

Mume wangu alifundisha ufundi wa chuma katika shule ya sekondari nje ya mji wa Embu. Watu wote walimwita Mwalimu, mimi pia. Alikuwa mtu wa mikono. Vitanda vyetu, geti letu, hata jembe dogo la watoto, alivitengeneza mwenyewe. Pikipiki hakuipanda. Alipokuwa kijana aliangushwa na ya rafiki yake na hakutaka tena kujaribu. Lakini alipenda kuitazama. Jioni nilipofika nyumbani alitoka na kitambaa, akaifuta vumbi kabla hajaniuliza habari za kazi.

Kitu cha kwanza alichoitengenezea kilikuwa karia. Ile ya mwanzo ilikuwa fito mbili nyembamba, na sanduku la chanjo lilikuwa likiruka juu yake njia nzima. Akapinda vyuma, akachomelea, akapima upana wa sanduku, akatengeneza karia pana yenye kingo. Sanduku likatulia. Niliifurahia na nikamwambia hivyo. Nadhani hapo ndipo mambo mengine yalipoanzia.

Likizo iliyofuata aliondoa kile kiti cha springi, akaweka kirefu cha watu wawili alichokishona kwa turubai nyekundu. Kilikuwa kizuri, ila kilikuwa kigumu na kiliniinua kiasi kwamba miguu yangu haikukanyaga chini vizuri kwenye mchanga. Nikanyamaza. Kisha akabadilisha usukani. Alikuwa ameona picha ya pikipiki za ng'ambo zenye usukani wa juu kama pembe za ng'ombe, akapinda bomba, akalipaka kromu mjini. Kwa kuwa usukani ulikuwa juu zaidi, kebo ya klachi haikutosha, akaiunga. Akakata ekzosi ikawa fupi, na tangu siku hiyo watoto wa mtaa walinisikia nikiwa bado sokoni. Akapaka tangi rangi ya samawati. Watu wakaanza kusimama kuitazama. Mkubwa wetu wa ofisi aliuliza kama Mwalimu anaweza kumtengenezea ndugu yake kama hiyo.

"Umeona?" Mwalimu aliniuliza.

"Nimeona," nikasema.

Mwisho akagusa moyo wa injini. Aliweka kabureta kubwa zaidi aliyoitoa kwenye pikipiki nyingine, akaondoa mageneto, kile chombo kinachozalisha umeme wa plagi chenyewe bila betri, akaweka betri na koili. Alinieleza kwa chaki kwenye sakafu ya jikoni jinsi cheche zitakavyokuwa na nguvu zaidi. Maelezo yake yalikuwa sahihi. Asubuhi iliyofuata iliwaka kwa kiki moja, na ilipanda kile kilima cha kutoka mjini kama haikubeba mtu. Nilifurahi, na nikasema.

Baada ya hapo ikaanza kuharibika mahali nisipopajua. Siku moja kebo iliyoungwa ilikatika kwenye kona. Siku nyingine ilizima katikati ya daraja, nikafungua kila nilichozoea kufungua, nikakuta vyote viko sawa. Kisha ikawaka yenyewe. Nikifika nyumbani nikiisukuma, Mwalimu alitoka mbio, akauliza imefanyaje, akaipeleka chini ya taa ya nje, na kabla ya kulala alikuwa amepata sababu na kuirekebisha. Kila mara alipata sababu. Kila mara ilikuwa tofauti na ile ya mwanzo.

Mwaka ule mvua za vuli hazikushuka Mbeere. Majani yaliisha, mbuzi wakawa wanatembezwa mbali kutafuta maji, na pale wanapokutana kwenye visima walianza kuambukizana homa ya mapafu. Chanjo ililetwa Embu ikiwa kidogo. Tuliwatangazia watu kupitia machifu na makanisa kwamba siku fulani tutachanja mbuzi wote karibu na Kiritiri, waje asubuhi. Gari la ofisi lilikuwa limekwenda Nairobi na mkubwa. Niliweka chanjo kwenye sanduku pamoja na barafu, nikafunga sanduku kwenye karia, nikaondoka jua likiwa bado dogo.

Nilikuwa nimeshamaliza miteremko, nimeingia kwenye tambarare ya joto, pikipiki ilipozima. Haikukohoa. Ilizima tu, na taa yake pia. Nikaisogeza kwenye kivuli chembamba cha mgunga. Nikatoa plagi, ilikuwa kavu na safi. Nikafungua kabureta, petroli ilikuwepo. Nikafuata waya mmoja mmoja hadi kwenye betri, ndipo nilipoona kwamba matuta ya barabara yalikuwa yameitikisa hadi ikapasuka, na tindikali ilikuwa ikidondoka kwenye fremu. Kwa pikipiki ile ya mzee wa Nkubu, betri haingekuwa na kazi yoyote. Kwa hii, bila betri hapakuwa na cheche, na bila cheche nilikuwa nimekaa juu ya chuma.

Nilianza kusukuma. Magari hayakuwa mengi upande huo. Lori moja la mchanga lilipita likielekea kule ninakotoka, dereva akapunga mkono. Nikasukuma tena, nikapumzika, nikafungua sanduku kuangalia barafu, na kila nilipofungua nilijua nazidi kuiyeyusha. Mchana barafu ilikuwa maji, na maji yalikuwa ya uvuguvugu. Chanjo ile ikishika joto inakuwa kama maji ya mto, unaweza kumdunga nayo mbuzi au ukaimwaga, ni sawa tu. Niliendelea kusukuma hata hivyo, kwa sababu nilijua watu wako pale.

Nilifika jua limeelekea magharibi. Wengi walikuwa wameshaondoka, kwa sababu mbuzi hawakuweza kukaa bila maji. Yule mama wa mbuzi wekundu alikuwa amebaki. Mbuzi wake walikuwa wamelala ndani ya boma, ndimi nje.

"Tumekungoja, Daktari," akasema. Walikuwa wakiniita hivyo, ingawa sikuwa daktari.

"Pikipiki iliharibika, mama."

Akaitazama. Akatazama tangi la samawati na kiti chekundu.

"Dawa unayo?"

"Ninayo, lakini imeshika joto. Haitafanya kazi."

"Wadunge hivyohivyo."

"Nikiwadunga nitakuwa nakudanganya."

Mama akafungua mlango wa boma, akawainua mbuzi wake mmoja mmoja kwa kuwashika masikio, akaondoka nao. Hakunitukana. Nililala kwa mwalimu wa shule ya msingi ya hapo na mke wake, na kesho yake nilirudi Embu juu ya lori la makaa, pikipiki ikiwa imefungwa kwa kamba kando yangu.

Chanjo nyingine ilichelewa. Ilipofika, na mimi nikapelekwa kwa gari, boma halikujaa. Yule mama alikuja na mbuzi wachache, wote vijana. Nilimuuliza wengine wako wapi, naye akanyoosha kidevu kuelekea bondeni, ambako tai walikuwa wakizunguka. Nikawachanja waliobaki. Alinishikia miguu yao.

Sikumwambia Mwalimu habari za bonde. Alichokuwa anajua ni kwamba betri ilipasuka. Bado alikuwa akitafuta nyingine, aiwekee mpira chini ili isitikisike. Na kweli hilo lingesaidia.

Jumamosi iliyofuata niliamka, nikavaa nguo za shamba, nikaitoa pikipiki nje, nikaanza kuifungua. Nilitoa usukani kwanza, kisha kiti. Mwalimu alikuwa amekwenda posho mill. Aliporudi na unga begani alinikuta nimechuchumaa, kabureta yake iko juu ya gunia, na nati zimepangwa kwenye kifuniko cha sufuria.

Aliweka unga chini.

"Unafanya nini, Mama?"

"Nairudisha ilivyokuwa."

"Kuna kitu kimeharibika?"

"Hakuna. Betri tu."

"Betri ningeirekebisha."

"Najua ungeirekebisha, Mwalimu. Na mimi ningekwenda nayo Kiritiri, na kitu kingine kingekatika."

"Ungeniambia kama huipendi."

"Naipenda. Ni nzuri kuliko zote Embu. Lakini nikiwa kule chini peke yangu siijui. Wewe ndiye unayeijua, na wewe uko hapa."

Aliniangalia nikihangaika na bolti moja iliyoshika kutu, lakini hakuinama kunisaidia, na nilishukuru kwa hilo. Kisha nikamwambia habari ya mbuzi. Nilimweleza tangu nilipoufikia ule mgunga hadi yule mama alipowashika masikio. Nilieleza nikiwa nimetazama bolti. Nilipomaliza nilisikia akiingia ndani ya nyumba, na nikafikiri amekasirika.

Alirudi na gunia la kahawa, zito, akalishusha taratibu kando yangu. Ndani mlikuwa na kiti cha springi, usukani wa zamani, madigadi ya kukinga matope, kabureta ndogo, na mageneto iliyofungwa kwenye kitambaa cha fulana na kupakwa grisi. Nilikuwa nimeshapanga kuzunguka kwa mafundi wa Embu na Meru kutafuta vipande hivyo, na sikutarajia kuvipata vyote.

"Hukuviuza?"

"Niviuze kwa nini? Ni vyako."

Tuliifunga pamoja hadi jioni. Mageneto ndiyo iliyotusumbua, kwa sababu lazima itoe cheche pistoni ikiwa mahali pake hasa, na yeye alijua nadharia lakini mimi ndiye niliyejua sauti. Alizungusha kidogokidogo, nikapiga kiki, nikasema bado. Tulipokaribia kabisa ilinirusha mguu kama siku ile Nkubu, nikacheka kwa sauti, naye akauliza nacheka nini na muundi unatoka damu. Ekzosi ilibidi iungwe, ikabaki na kovu. Tangi la samawati tuliliacha. Karia yake tuliiacha pia, nikamwambia hiyo haitoki hata pikipiki ikifa.

Wiki iliyofuata alileta kutoka karakana ya shule sanduku jipya la bati, bati ndani ya bati, na katikati maranda ya mbao yaliyoshindiliwa. Tulilijaza barafu, tukaliacha juani nyuma ya jiko kutwa nzima. Jioni barafu ilikuwa ingali inagongana ndani. Sanduku hilo nililitumia hadi ofisi ilipoanza kutuletea yale ya plastiki, ambayo hayakulishinda.

Niliendelea na Mbeere miaka kadhaa, kisha nikahamishiwa Meru, na familia nzima ikahamia karibu na Nkubu, kwenye shamba la baba mkwe. Huko baridi na ukungu vilinifundisha mambo mapya kuhusu ile mageneto. Yule mzee wa kahawa alikuwa bado hai. Alikuja siku moja na mkongojo, akaitazama rangi ya samawati kwa muda, akasema, "Inavuja?" Nikamwambia inavuja. Akaridhika, akaenda zake. Nilipokaribia kustaafu, vipande vyake havikupatikana tena hata Nairobi, na mwanaume mmoja kutoka Chuka aliyekuwa anakusanya pikipiki za aina hiyo alikuja na pikapu akaichukua. Sikulia, ingawa watu wa nyumbani walinitazama wakidhani nitalia.

Miaka ikapita. Barabara zikajaa bodaboda, pikipiki nyepesi ambazo vijana wanazibebesha magunia ya viazi na familia nzima, na kwa uimara wa kazi sina neno baya kwazo. Kisha zikaja hizi nyingine mpya zilizotengenezwa kwa sura ya zamani, taa ya mviringo, tangi la umbo la tone, hata ile mistari ya dhahabu. Mwalimu aliiona moja mjini Meru alipokwenda kununua mbegu, karibu na soko la Gakoromone. Alirudi bila mbegu.

"Twende ukaiangalie," akaniambia.

"Ya nani?"

"Yangu."

Alikuwa amestaafu kabla yangu, nywele zote nyeupe, na hajawahi kupanda pikipiki tangu ujana wake ila akiwa amekaa nyuma yangu. Nikaenda. Muuzaji, kijana msafi mwenye adabu, alituita mama na mzee, akabonyeza kitufe na injini ikawaka kwa upole. Nilitafuta kiki, haikuwepo. Nilipapasa chini ya gia, pakavu kabisa. Nilipinda usukani huku na huku nikitazama kama kebo zinavutika. Nikauliza kama ninaweza kuteremka nayo hadi mtoni na kupanda tena nikimbeba huyu. Kijana akasita, kisha akakubali. Tulipanda vizuri. Juu nikaizima, tukasimama kando ya barabara, Mwalimu nyuma yangu akihema kana kwamba ni yeye aliyepanda kwa miguu. Tukangoja joto lienee. Nikabonyeza, ikawaka.

"Sasa?" akauliza.

"Haina kosa ninaloliona. Lakini ndani ina kompyuta. Ikizima, mimi sitaweza kitu na wewe hutaweza kitu."

"Tutampigia simu fundi."

"Ikiwa hivyo unaridhika, ichukue."

Aliichukua. Nilimfundisha kwenye uwanja wa shule ya msingi Jumapili baada ya ibada, na waumini wenzetu waliobaki kutazama walikuwa wengi kuliko nilivyopenda. Alianguka mara moja kwenye shamba la sukumawiki la mwalimu mkuu, akainuka, akaomba msamaha kwa mwenye sukumawiki, akapanda tena. Baada ya miezi alikuwa anaweza barabara ya lami, polepole, akiwa amekaa wima kama anayepigwa picha.

Safari yake ya kwanza peke yake ilikuwa kwenda Nkubu sokoni. Alichelewa. Nilifanya kazi zangu, nikapalilia maharagwe, nikaenda getini mara kadhaa. Mwishowe nikamsikia anakuja, gia ya chini kuliko inavyohitajika. Alizima, akavua kofia, akatoa ndizi kwenye mfuko.

"Ilizima pale Nkubu," akasema.

"Ukafanya nini?"

"Nilinunua chai."

"Halafu?"

"Halafu ikawaka."

Nikazipokea ndizi, tukaingia ndani.